Kusomea Usanifu wa Mandhari Katika Shahada ya Kwanza: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya nimeyakusanya kutoka kwa wanafunzi wanaomaliza sekondari, wazazi wao, na mara mojamoja watu wazima wanaotaka kubadili fani. Mengine yanajibika kwa sentensi mbili. Mengine yamenikalisha kitako.

Usanifu wa mandhari ni nini hasa?

Neno lenyewe linatupotosha kidogo. Ukisema mandhari, wengi huona picha ya kalenda: milima kwa mbali, jua linazama. Katika fani hii mandhari ni ardhi pamoja na vyote vilivyo juu yake na chini yake: mwinuko, udongo, maji yanayopita, mimea, njia, na watu wanaokatiza hapo kila siku. Msanifu mandhari ndiye anayeamua uwanja wa shule uinamie upande gani, maji ya mvua yapite wapi, kivuli kiangukie wapi saa nane mchana, mwenye kiti cha magurudumu aingilie wapi, na upandwe mti gani ambao baada ya miaka ishirini hautapasua ukuta wa jirani. Bustani za mjini, kingo za mito, viwanja vya hospitali, makaburi, njia za waenda kwa miguu, machimbo yaliyoachwa, kote huko ni kazini kwake.

Kwa hiyo si ni kutunza bustani tu?

Wazazi ndio wanaouliza hili zaidi, na huuliza kwa sauti ya chini. Hapana. Ila mtunza bustani hodari anajua mambo ambayo wasanifu wengi hawayajui, na ukipata nafasi ya kufanya naye kazi usiikatae.

Tazama Central Park ya New York. Frederick Law Olmsted na Calvert Vaux walishinda shindano la kuisanifu mwaka 1858. Anayeingia leo hudhani ni pori la zamani lililosalimika mji ulipokua. Kumbe maziwa yale yalichimbwa, udongo ulihamishwa kwa wingi, miamba ililipuliwa kwa baruti, na barabara nne zinazoikatiza bustani zilishushwa chini ya usawa wa ardhi ili magari ya farasi yapite bila kumkera anayetembea juu. Hekta 341 za "asili" zilizoanzia kwenye karatasi. Na ili eneo lipatikane, wakazi wa kijiji cha Seneca, wengi wao Wamarekani weusi, baadhi wakimiliki viwanja vyao, walikuwa wameshaondolewa kufikia mwaka 1857. Mwalimu mzuri atakufundisha yote mawili, ustadi wa kazi ile na waliolipa gharama yake, kwa sababu utakapoanza kazi nawe utaletewa ramani zenye watu ndani yake.

Darasani fani hii ina umri wa zaidi ya karne moja. Chama cha wasanifu mandhari cha Marekani kilianzishwa mwaka 1899 na watu kumi na mmoja, mwanamke akiwa mmoja tu, Beatrix Farrand. Mwaka uliofuata, 1900, Chuo Kikuu cha Harvard kikaanza kuifundisha kama kozi inayojitegemea.

Inatofautianaje na usanifu majengo, mipango miji na uhandisi?

Jengo huwa zuri kuliko siku zote siku linapokabidhiwa; kuanzia hapo linachakaa. Kazi yetu siku hiyo huwa haitazamiki: miche kama vijiti, nyasi zenye viraka, udongo mtupu. Uzuri wake unakuja baada ya miaka kumi, ikiwa kuna aliyeitunza. Mpangaji miji huamua eneo litumike kwa nini. Sisi tunaamua litakavyokuwa mtu akiwa amesimama ndani yake. Mhandisi wa mifereji hutaka maji yaondoke haraka. Mara nyingi sisi tunataka yachelewe, yazame ardhini, yanyweshe mizizi njiani. Haya ni maelezo ya kijuujuu, na kazini mipaka hii huvukwa kila siku.

Kozi inachukua miaka mingapi?

Mitatu hadi mitano, kutegemea nchi. Marekani shahada ya kitaaluma huchukua miaka minne au mitano. Uingereza kwa kawaida ni mitatu, kisha masomo ya uzamili ndipo ufikirie usajili. Kabla hujaomba, uliza swali moja: je, kozi hii ina ithibati ya chombo kinachosimamia taaluma katika nchi ninayotaka kufanyia kazi? Jina zuri la chuo halijibu swali hilo.

Nikiwa sekondari nitilie mkazo masomo gani?

Jiografia, baiolojia na hisabati. Sanaa ikiwepo, ichukue. Kama ningeruhusiwa kuchagua moja tu ningechagua jiografia, kwa sababu atakayekuja akiwa tayari anajua kusoma ramani yenye mistari ya kontua, ile inayounganisha mahali penye kimo sawa, atakuwa mbele ya wenzake kwa muhula mzima.

Sijui kuchora. Niache?

Usiache. Vyuo vingine huomba jalada la kazi, yaani mkusanyo wa michoro yako, vingine haviombi kabisa. Hata vinavyoomba havitafuti mchoraji wa picha za watu. Vinatafuta mtu anayeona. Mchoro wa kalamu wa ngazi, wenye vipimo vya kila kidato na alama ya mahali watu wanapojikwaa, una thamani kuliko ua lililopakwa rangi kwa siku tatu.

Kuchora katika fani hii ni namna ya kufikiri mkono ukiwa kazini. Utajifunza mchoro wa juu, unaoonyesha eneo kama linavyoonekana na ndege, na mchoro wa mkato, unaoikata ardhi kama mkate ili uone tabaka zake. Wa pili ndio wanafunzi wanaoukimbia, na ndio unaofichua uongo wote. Juu ya karatasi bapa kila kitu kinakaa vizuri. Ukikata tu, unagundua benchi lako linaning'inia hewani nusu mita.

Studio ni nini, na mbona wote wanailalamikia?

Studio ni somo, na pia ni chumba. Kama somo, ndilo linalokula ratiba kuliko mengine: unapewa eneo halisi lenye tatizo halisi, wiki kadhaa za kazi, kisha unasimama mbele ya jopo kuutetea mchoro wako. Kama chumba, ni meza kubwa, vipande vya kadibodi, gundi iliyogandia mbao, na wenzako ambao mwisho wa mwaka utawajua kuliko ndugu zako.

Kazi huanzia eneo lenyewe. Unapima, unapiga picha, unachimba kidogo kuona udongo, unazungumza na wanaopita. Ukirudi unazipanga taarifa kwa tabaka: mteremko, udongo, maji, mimea iliyopo, majengo, historia. Halafu unazilaza tabaka hizo moja juu ya nyingine, uone panapofaa kujengwa na panapotaka kuachwa. Aliyeipa njia hii umaarufu ni Ian McHarg, Mskoti aliyefundisha Chuo Kikuu cha Pennsylvania, katika kitabu alichokitoa mwaka 1969. Enzi zake zilikuwa karatasi zinazopenyeza mwanga. Leo ni programu za ramani, lakini wazo ni lilelile.

Mradi wangu wa kwanza ulikuwa ua wa maktaba. Niliuchora ukapendeza: duara la mawe katikati, mabenchi kulizunguka, miti minne. Jopo likasifia rangi. Mzee mmoja aliyekuwa amenyamaza muda wote akainuka, akaweka kidole juu ya duara langu.

"Kijana, mvua ikinyesha, maji ya hapa yanakwenda wapi?"

Nikaitazama mistari ya kontua kana kwamba ndiyo naiona mara ya kwanza. Nilipoweka duara ndipo palipokuwa chini kuliko pote, na mlango wa maktaba ulikuwa hatua tatu kutoka hapo.

"Mwalimu, nadhani... yanaingia maktaba."

Darasa zima likacheka, nami nikacheka nikiwa nimechelewa. Nilikuwa nimesanifu bwawa. Tangu siku ile sijaanza mchoro wowote kabla ya kuchora mishale ya maji, na ukiniuliza shahada hii inafundisha nini hasa, nitakujibu kwamba inafundisha swali la yule mzee, kwa namna mia tofauti, kwa miaka minne.

Kuhusu kukesha: ndiyo, kupo. Wapo wanaojivunia kukesha kana kwamba ni cheti. Kazi bora nilizoziona zilitoka kwa waliolala, kwa sababu ubongo uliokesha hauwezi kuona kosa lake wenyewe.

Hesabu zake ni ngumu kiasi gani?

Ni hesabu za sekondari, isipokuwa unazifanya kila siku na zina madhara. Mfano: njia ya urefu wa mita 30 inapanda sentimita 180. Huo ni mteremko wa asilimia 6. Miongozo mingi huweka mpaka kwenye asilimia 5. Ukiuzidi, njia huhesabiwa kuwa rampu, inataka vishikio na sehemu bapa za kupumzikia, na isizidi uwiano wa 1 kwa 12. Unaweza kukubali rampu. Au unaweza kuipindisha njia kidogo kuzunguka mti uliopo hadi iwe mita 36, na papo hapo umerudi kwenye asilimia 5, hakuna vishikio, na mtu wa kiti cha magurudumu anapita njia moja na wenzake. Mizunguko mingi inayoonekana ya kimahaba katika bustani ni hesabu ya namna hiyo.

Nyingine utakazozitumia hadi uzeeni: sakafu ya nje iinamie mbali na jengo kama asilimia 2, yaani sentimita 2 kwa kila mita. Ngazi ya nje hukadiriwa kwa kanuni ya zamani: kimo cha kidato mara mbili, jumlisha upana wa kukanyagia, upate takriban sentimita 60 hadi 65. Kidato cha sentimita 15 kwa upana wa 33 kinakupa 63, na mguu hautauliza swali. Na mvua: milimita 1 juu ya mita moja ya mraba ni lita 1. Kwa hiyo milimita 10 zikiangukia maegesho ya lami ya mita za mraba 1,000, una lita 10,000 zinazotafuta pa kwenda.

Lazima nijue mimea mingapi?

Mamia kadhaa kufikia mwisho wa kozi, kwa majina ya kisayansi. Mtihani wake mara nyingi ni wa kutembea: mwalimu anasimama mbele ya kichaka, anakiangalia, anakuangalia, unaandika jina. Wanafunzi hunung'unikia Kilatini mpaka waone kwa nini kipo. Chukua mkuyu. Jina hilo watu huwapa Ficus sycomorus na vilevile Ficus sur. Ukiagiza "mikuyu ishirini" kwenye kitalu bila jina la kisayansi, utakachopokea ni bahati yako.

Lakini jina ndiyo sehemu nyepesi. Kinachochukua muda ni tabia ya mmea: unafika kimo gani, unapukutika lini, unavumilia maji yaliyotuama au hauvumilii, mizizi yake inaenda wapi. Watu wengi huamini mizizi ya mti ni mfano wa matawi yake uliogeuzwa chini. Sivyo. Sehemu kubwa ya mizizi hukaa katika sentimita 60 za juu za udongo, na husambaa kwa upana kupita kivuli cha matawi. Ndiyo maana mti uliopandwa kwenye shimo dogo katikati ya lami hudumaa, kisha analaumiwa aliyeumwagilia.

Nitumie kompyuta na programu gani?

Utakutana na AutoCAD kwa michoro ya kazi, SketchUp au Rhino kwa maumbo, QGIS au nyingine ya aina yake kwa ramani, na programu za kupanga kurasa na kusafisha picha. Usinunue chochote kabla chuo hakijakueleza kinachotumika. Nyingi hutolewa bure au kwa nafuu kwa wanafunzi, na QGIS ni bure kwa kila mtu. Mwaka wa kwanza penseli itakutosha.

Kuna gharama ambazo hazimo kwenye ada?

Zipo. Kuchapisha michoro mikubwa, vifaa vya kutengenezea mifano, safari za kwenda maeneo ya mradi. Zinakuja zote kwa mpigo wiki ya kuwasilisha kazi, kwa hiyo weka akiba tangu mwanzo wa muhula. Kadibodi za maboksi ya dukani hutengeneza kontua nzuri sana, kwa njia, na hakuna jopo litakalokupunguzia alama kwa hilo.

Nikihitimu, ninaweza kujiita msanifu mandhari siku hiyohiyo?

Katika nchi ambazo sheria inalinda jina hilo, hapana. Kwa kawaida unafanya kazi chini ya aliyesajiliwa kwa muda, kisha unafanyiwa mtihani. Marekani leseni hutolewa na majimbo, na mtihani wake hujulikana kwa ufupisho wa LARE. Uingereza ni Landscape Institute inayokupa hadhi ya kitaaluma. Shirikisho la kimataifa la fani hii, IFLA, lilianzishwa Cambridge mwaka 1948, na kupitia kwalo unaweza kujua chama cha nchi yako.

Kazi zipo?

Zipo, ila si zote zimeandikwa "msanifu mandhari" mlangoni. Kampuni za ushauri ndizo zinazojulikana, kisha serikali za miji, mamlaka za maji, mashirika ya hifadhi, na wajenzi wa barabara. Mifano inaeleza vizuri kuliko orodha.

Singapore ilikuwa na mfereji wa zege wa kilomita 2.7 uliopita kando ya bustani ya Bishan-Ang Mo Kio, maji ya mto Kallang yakiwa yamebanwa kati ya kuta mbili. Mfereji ukavunjwa, mto ukarudishiwa mikondo yake na kuwa na urefu wa kilomita 3.2, ukingo ukashikiliwa na mimea na mawe, na bustani yote ikafanywa kuwa mahali ambapo maji yanaruhusiwa kutanuka mvua kubwa ikinyesha. Ilifunguliwa mwaka 2012. Seoul waliivunja barabara ya juu na kukifunua kijito cha Cheonggyecheon kwa karibu kilomita sita, kazi iliyokamilika mwaka 2005. Watu wanakipenda, na wana haki. Mimi huwaambia wanafunzi wasisahau kwamba maji yanayotiririka pale husukumwa na pampu. Kizuri, ndiyo; mto, sina hakika.

Seattle kuna mfano wa aina nyingine. Richard Haag alipewa kiwanda kikuukuu cha gesi chenye udongo uliochafuka, na badala ya kubomoa kila kitu akaiacha mitambo isimame katikati ya Gas Works Park, iliyofunguliwa mwaka 1975. Na Bamburi, Mombasa, René Haller alianza mwaka 1971 kupanda miti kwenye machimbo ya kiwanda cha saruji, mahali palipokuwa mwamba mtupu wa matumbawe na joto. Alijaribu aina 26, zikadumu 3. Mvinje ulishika, lakini majani yake yakawa hayaozi, yakajilundika tu. Ndipo akaleta majongoo wayale na kuyageuza kuwa udongo. Haller alikuwa mtaalamu wa kilimo, nami namtaja kwa makusudi: aliye na haraka ya kuona matokeo angeondoka baada ya mche wa kumi kufa.

Nina shahada ya fani nyingine. Nianze upya?

Si lazima. Katika nchi kadhaa kuna shahada ya uzamili ya takriban miaka mitatu kwa waliotoka nje ya fani. Waliosoma baiolojia au uhandisi huja na mtaji. Waliosoma historia pia, ingawa huwa hawaamini mpaka mwaka wa pili.

Akili bandia haitaichukua kazi hii?

Picha ya bustani inayovutia sasa inapatikana kwa sekunde chache, na aliyekuwa akiishi kwa kuchora picha hizo ana sababu ya kuhangaika. Jaribu lakini kuiuliza picha hiyo maji yanakwenda wapi. Kazi inayobaki ni kusimama kwenye tope, kusikiliza wakazi wasiokubaliana, na kutia sahihi mchoro ambao ukikosewa mtu ataanguka.

Nifanye nini sasa hivi, kabla sijaomba?

Chagua mahali pa wazi karibu nawe, hata kama ni kituo cha basi. Nenda asubuhi, saa nane mchana na jioni, siku tofauti. Kila mara andika watu wamekaa wapi, wamesimama wapi, na wanapita wapi. Utaona kijia kilichokanyagwa kwenye majani, ambacho msanifu hakukichora. Pima kidato kimoja cha ngazi. Pima kivuli cha mti mmoja kwa hatua zako. Kisha subiri mvua, chukua mwavuli, rudi palepale, uchore mishale tu: maji yanatoka wapi, yanatuama wapi, yanaingia wapi. Andika tarehe pembeni. Karatasi hiyo iweke ukurasa wa kwanza wa jalada lako, hata kama imelowa.